Filamu Mbili, Msimu Mmoja: Kibali cha Filamu Kigeuke Taarifa

Wapambanaji wenzangu, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala posho za wabunge. Naandika kuhusu filamu. Najua kuna mtu hapo ameshaanza kusema "huyu naye kaishiwa mada". Vumilia kidogo. Tukifika mwisho utaona tunaongea jambo lile lile tunalolipigania kila siku: nani ana mamlaka ya kukwambia "ruksa" kabla hujafungua mdomo.

Turudi Agosti na Septemba 2021. Katika msimu huo mmoja kulikuwa na filamu mbili zinazoibeba nchi hii.

Ya kwanza ni Royal Tour. Mtayarishaji Mmarekani, Peter Greenberg. Mhusika mkuu, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe. Ilikuwa inarekodiwa wiki hizo, Zanzibar na Bara, na kila geti lilifunguka. Aprili 18, 2022 ikazinduliwa New York, halafu ikaja Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam. Mnakumbuka ule msimu. Machawa waliisifia mpaka wakaishiwa vivumishi.

Ya pili ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Septemba hiyo hiyo ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto, filamu ndefu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa pale. Baadaye ikapelekwa kuiwakilisha Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar za 95. Hiyo ilikuwa mara ya pili tu nchi yetu kupeleka filamu Oscar. Mara ya kwanza ilikuwa Maangamizi, mwaka 2001. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Nyuma ya filamu hii hakukuwa na msafara wa Ikulu. Kulikuwa na mwongozaji wa kujitegemea, kampuni ndogo ya Dar es Salaam, Kijiweni Productions, na washirika wa nje, wakiwemo wa Afrika Kusini na Ujerumani. Amil hakuibuka ghafla. Alianza na filamu fupi, Shoeshine mwaka 2013 na Samaki Mchangani mwaka 2014, kisha T-Junction iliyofungua tamasha la ZIFF mwaka 2017. (Ndiyo, ni mtoto wa Profesa Issa Shivji, yule ambaye sisi wa sheria tunasoma vitabu vyake mpaka usiku wa manane.)

Sasa sikilizeni utamu wa jambo lenyewe. Wengi wenu mlisoma riwaya ya Adam Shafi mkiwa Form Five na Six. Mnamkumbuka Denge: kijana wa Zanzibar ya miaka ya 1950 anayempinga Mwingereza, na polisi wa kikoloni wanamwinda kwa sababu ya mawazo yake, maandishi yake na watu anaokutana nao. Mnamkumbuka na Yasmin, binti aliyeikimbia ndoa aliyoozwa. Hiyo ndiyo hadithi tuliyoipeleka duniani kama fahari ya taifa: hadithi ya kijana anayekataa kuomba ruhusa ya kufikiri.

Je, Denge angeishi leo Dar es Salaam, na badala ya vipeperushi akawa na kamera, angeanzia wapi? Angeanzia kwenye fomu ya maombi ya kibali.

Tuelewane hapa ili mtu asije kunishika shati. Sisemi Vuta N'Kuvute ilizuiwa. Ilipigwa Zanzibar, na masuala ya filamu si ya Muungano: kule kuna BASSFU, huku Bara kuna Bodi ya Filamu. Ninachosema ni kwamba sheria yetu ya Bara haina nafasi kwa mtu wa aina ya Denge, na haina nafasi kwa mtu wa aina ya Amil kabla hajawa maarufu. Na kila mwongozaji aliyeko Toronto leo, kuna siku alikuwa kijana asiyejulikana mwenye kamera ya kuazima.

Ngoja niwaambie msimu wa mtu huyu unavyokwenda. Mwongozaji wa kujitegemea hana mshahara, kwa hiyo hana mradi mmoja. Ana filamu ndefu ambayo skripti yake ameiandika kwa miaka, ana filamu fupi anayoihariri usiku, ana makala ya maisha ya watu anayoifuatilia mkoani, na ana kazi ya kurekodi semina ya shirika fulani ili alipe kodi ya nyumba. Juu ya hapo kuna kalenda ya dunia ambayo haimsubiri. Rotterdam na Berlin ni mwanzo wa mwaka. FESPACO kule Ouagadougou ni kila baada ya miaka miwili. Cannes ni Mei. Durban na ZIFF ni katikati ya mwaka, Toronto ni Septemba, Carthage ni mwisho wa mwaka. Kila tamasha lina tarehe ya mwisho ya kupokea filamu, na kila mfuko wa ufadhili una tarehe yake. Ukikosa dirisha moja, umeshachelewa mwaka mzima, na mshirika wako wa nje anaanza kutafuta nchi nyingine yenye jua kama letu.

Pia kuna kalenda ya mbinguni. Masika ikianza, barabara ya kijijini kwenu haipitiki na mandhari uliyoandika haipo tena. Na waigizaji wako si waajiriwa, ni dereva wa bodaboda, muuza mihogo, mwanafunzi mwenye mitihani. Umewakusanya kwa wiki mbili tu.

Katikati ya kalenda hizo mbili, sheria inaingiza ya tatu: kalenda ya ofisi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, Sura ya 230, inasema huwezi kutengeneza filamu ya kuoneshwa kwa umma bila kibali. Unapeleka maombi, unapeleka skripti, unalipa ada, unasubiri. Ukishamaliza filamu unarudi tena, ikaguliwe, ipewe daraja, ndipo ioneshwe. Mlango wa kuingilia una mlinzi, na mlango wa kutokea una mlinzi.

Tazameni umri wa sheria hiyo. 1976! CCM yenyewe imezaliwa Februari 5, 1977. Sheria hii ni kubwa kuliko CCM. Ni kubwa kuliko Katiba tunayoitumia, ya mwaka 1977. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuzitumia mwaka 1988. Maana yake ni kwamba siku sheria hii inatungwa, hapakuwa na Ibara ya 18 ya kumlinda mtu mwenye maoni. Chama kilikuwa kimoja, redio ilikuwa ya serikali, na kamera ilikuwa mashine kubwa na ghali. Imerekebishwa hapa na pale, lakini uti wa mgongo wake ni ule ule: kwanza omba.

Leo kamera iko mfukoni mwako. Iko kwenye simu unayosomea maneno haya. Binti wa Mbagala anaweza kurekodi filamu fupi kwa simu, akaihariri kwenye simu, na akaituma kwenye tamasha kwa simu. Kwa mujibu wa sheria ya 1976, akitaka watu waione, huyu binti ni mwombaji. Asipoomba, ni mkosaji. Hakuna hapo katikati nafasi ya kuwa raia tu.

Sasa nivae joho langu la mwaka wa tatu.

Kila mwanafunzi wa sheria nchini anafundishwa kesi mbili. Ya kwanza ni Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Rufani, 1993. Wakati ule ukitaka kuishtaki Serikali ilibidi kwanza upate ridhaa ya Serikali yenyewe. Yaani mtu kakuvunjia nyumba, halafu unamwomba ruhusa ya kumpeleka mahakamani! Mahakama ya Rufani ilikitupa kifungu hicho. Ilisema sheria inayobana haki lazima iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane zaidi ya inavyohitajika kufikia lengo halali. Baada ya hapo Bunge likabadilisha: leo huombi ridhaa, unatoa notisi ya siku 90.

Ya pili mnaijua hata ambao hamjasoma sheria, kwa sababu ndiyo inayotufanya tusimame majukwaani. Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu Dodoma, 1994, mbele ya Jaji Lugakingira. Kabla ya hapo, mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha polisi. Jaji akasema hapana. Hoja yake, kwa maneno yangu mimi: haki ambayo lazima uipate kwa hisani ya ofisa fulani imeshageuka kuwa zawadi. Kutoka hapo sheria ikahama kutoka kibali kwenda taarifa. Tunawapa polisi taarifa saa 48 kabla. Hatuwaombi.

Tunajua vilevile kwamba karatasi ni karatasi. Kuanzia 2016 mikutano yetu ilizuiwa, mpaka Januari 3, 2023 Rais alipotangaza kuondoa zuio. Lakini katika miaka yote hiyo tulikuwa na kitu cha kushika mkononi. Tulikuwa tunasema: hili zuio ni haramu, sheria inasema taarifa. Msanii wa filamu hana hata hicho. Akizuiwa, anayemzuia ndiye mwenye sheria mkononi.

Mara mbili nchi hii imetoka kwenye kibali ikaenda kwenye taarifa, na haikuzama baharini. Serikali inashtakiwa na bado ipo. Mikutano inafanyika na nchi bado ina amani. Kwa nini filamu ibaki 1976?

Najua majibu yao, tumeshayazoea.

Watasema: maadili. Watoto wataharibika. Sawa, tuongee maadili. Kuweka daraja la umri ni jambo jema, na sina ugomvi nalo. Hii ya miaka 18, hii ya familia, mzazi ajue. Lakini daraja la umri linawekwa filamu ikiwa imekamilika. Halihitaji mtu asome skripti yangu kabla sijaiwasha kamera. Na kama mtu ametengeneza ponografia au amedhalilisha mtoto, kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuna kanuni ya adhabu. Mwizi tunamkamata akiiba. Hatumpi kila mwananchi fomu ya kuthibitisha kwamba hataiba.

Watasema: usalama wa taifa. Kambi za jeshi zina sheria zake, na hakuna anayeomba kuingia na kamera Lugalo. Lakini soko la Kariakoo si kambi. Kivuko si kambi. Kituo cha daladala si kambi. Mimi na wenzangu tulishawahi kufukuzwa kwenye kituo cha daladala tukirekodi kazi ya darasani ya dakika 5, na aliyetufukuza hakuweza kusema ni kifungu gani tumevunja. Alijua neno moja tu: kibali. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya sheria hii. Haiishii ofisini. Inampa kila mwenye rungu sababu ya kukuuliza wewe ni nani.

Watasema: mbona tunawasaidia wasanii, kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo. Vizuri, mkopo ni mkopo. Lakini jamani, unampa mtu mkopo wa kununua jembe huku umemfungia shamba? Afadhali umfungulie shamba, jembe atalitafuta.

Hasara kubwa kuliko zote haionekani kwenye takwimu yoyote. Ni filamu ambazo hazikuandikwa kabisa. Nani atapeleka kwenye bodi iliyo chini ya wizara skripti inayohusu wafugaji wanaohamishwa, au kijana aliyechukuliwa usiku asirudi, au kituo cha kura kilichofungwa mapema? Hatapeleka. Atajikata mwenyewe kabla hajakatwa. Ataandika tena hadithi ya mama mkwe mchawi, halafu sisi tutakaa mtandaoni kuwacheka Bongo Movie kwamba hawana hadithi. Hadithi wanazo! Wamejifunza tu zipi zinapita getini.

Jirani zetu Kenya wametuonesha filamu hiyo hiyo, na mwisho wake. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye programu rasmi ya Cannes. Nyumbani, bodi yao ikaipiga marufuku kwa sababu ya mapenzi ya mabinti wawili. Dunia inaitazama, Nairobi hairuhusiwi. Mwongozaji akaenda mahakamani, na Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany akaruhusu ioneshwe kwa siku 7. Watu wakajaa ukumbini. Baada ya siku 7, marufuku ikarudi. Unaweza usikubaliane kabisa na maudhui ya filamu ile, ni haki yako, usinunue tiketi. Lakini jiulize: kama mtu mmoja ofisini anaweza kulinyima taifa zima filamu leo kwa sababu ambayo wewe unaipenda, kesho atakunyima kwa sababu gani?

Halafu kuna hii ya mwaka 2019, ambayo wengi iliwapita. Juni 2019 Bunge lilipitisha kwa hati ya dharura marekebisho ya sheria 8 kwa mpigo, ikiwemo ya takwimu, ya mashirika yasiyo ya kiserikali, na ya filamu. Tulipiga kelele kuhusu NGO na takwimu, na ilikuwa sawa. Ya filamu ikapita kimyakimya. Inaitaka kampuni ya nje inayorekodi Bara ikabidhi kwa Bodi picha ghafi. Picha ghafi, yaani kila kitu: hata yule mama aliyelia akasema "hii msiitumie", hata yule shahidi aliyeomba sura yake ifichwe.

Mtasema hilo linawahusu wazungu. Hapana. Filamu ya kujitegemea ya Tanzania inaishi kwa ushirika. Mwaka 2024 The Empty Grave, iliyoongozwa na Mtanzania Cece Mlay na Mjerumani Agnes Lisa Wegner, ilioneshwa Berlin. Inafuatilia familia za Songea na Meru zinazotafuta mabaki ya mababu zao walionyongwa na Wajerumani, akiwemo Nduna Songea Mbano aliyeuawa mwaka 1906. Ni kazi ya nchi mbili, na bila ushirika wa namna hiyo hadithi kama ile isingefika Berlin mlangoni kwa mkoloni. Sasa fikiria mada nyingine, ambayo shahidi wake hamwogopi Mjerumani wa 1906 bali anamwogopa mkubwa wa leo. Nani atakaa mbele ya kamera akijua mkanda mzima unaweza kuishia serikalini?

Sasa nigeuke nyumbani, kwetu upinzani, na hapa najua wengine watanuna.

Sisi wasanii tunawaona lini? Wakati wa kampeni. Tunataka mtu apige muziki kabla mgombea hajapanda jukwaani. Tunataka video fupi ya kusambaza. Msanii akihamia upande wa pili tunamwita msaliti, lakini hatujiulizi kwamba mtu ambaye kazi yake inaishi kwa kibali cha serikali tulimpa kinga gani ili abaki. Mtu mwenye rehani shingoni hachagui kwa uhuru. Tunaongea Katiba mpya kila siku, halafu ubunifu wa sanaa hatuutaji. Katiba ya Kenya ya 2010 imeutaja waziwazi, Ibara ya 33. Sisi tunasubiri nini?

Napendekeza vijana wa chama tuyapeleke haya kwenye vikao, na yaingie kwenye ilani kwa maneno yasiyopindishwa.

Kwanza, kibali cha kutengeneza filamu kifutwe na mahali pake pawe na taarifa, kama ilivyo kwa mkutano wa hadhara. Anayefunga barabara au kutumia silaha za maigizo atoe taarifa kwa polisi. Mwenye simu na waigizaji wanne asisumbuliwe.

Pili, Bodi ibaki na kazi moja: kuweka daraja la umri, ndani ya siku zilizotajwa kwenye sheria. Siku zikipita bila jibu, filamu ioneshwe. Ikikataa kitu, iandike sababu, na mahakama iwe na neno la mwisho, si waziri.

Tatu, sharti la picha ghafi lifutwe lote. Shahidi wa kwenye filamu alindwe kama shahidi wa mwandishi wa habari.

Na nne, hili ni letu wenyewe, halihitaji Bunge. Tukalipie filamu zetu. Huwezi kudai uhuru wa msanii huku unatazama kazi yake kwa kuiba kwenye Telegram.

Mwisho, niwaambie kwa nini naandika haya badala ya kwenda Mahakama Kuu kesho asubuhi. Zamani ningeweza kwenda mimi, raia wa kawaida, nikadai kwamba sheria hii inavunja Katiba. Mwaka 2020 wakabadilisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu. Kuanzia hapo aliyefungua shauri la namna hiyo alilazimika kuapa na kuonesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Walijua wanachofanya. Walijua aliyeumia mara nyingi anaogopa, na asiyeogopa mara nyingi hajaumia.

Kwa hiyo mtengeneza filamu unayesoma hapa, uliyenyimwa kibali, au uliyeambiwa ondoa tukio hili ndipo tukupitishie, au uliyezungushwa mpaka tarehe ya tamasha ikapita: usiichane hiyo barua. Kama hawakukupa barua, andika tarehe, andika ulichoambiwa, tunza risiti ya ada, tunza ujumbe wa simu, tunza ile barua pepe ya tamasha inayosema muda umeisha. Wewe unadhani ni karatasi za aibu. Kwetu sisi ni kiapo kinachosubiri kuandikwa. Wanasheria vijana tupo, na hoja tunayo tangu 1993 na 1994. Tunachokosa ni jina moja tu la kuandika juu ya shauri, kabla ya neno "dhidi ya".